Tundu Dogo Mgongoni, Pengo Kubwa Nyumbani

Siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa na ya waliosoma pamoja, mchango wa harusi na wa msiba umepata mwenzao: mchango wa mgongo. Ujumbe huja na picha ya MRI ambayo hakuna mwanakikundi anayeweza kuisoma, na chini yake namba ya kutumia fedha. Ndugu yetu ameambiwa diski zimesagika. Amepata hospitali, ya hapa nchini au ya India, inayotibu kwa sindano, kwa leza au kwa kifaa chembamba kinachopitishwa kwenye tundu dogo. Hapasuliwi, halazwi, kesho yake yuko nyumbani. Tunachanga, kwa kuwa ni wetu. Miezi inapita, na mara nyingi mchango wa pili hufuata wa kwanza.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa mtu mwenye maumivu ya muda mrefu yaliyotulia kiunoni, ambaye chanzo chake kinatajwa kuwa diski iliyochakaa, nyingi ya tiba hizi zinauzwa kwa ahadi kubwa kuliko ushahidi ulioko nyuma yake. Wapo wachache zinaowafaa kweli, na hao wanastahili kuzipata bila kufilisika. Lakini si haki familia kuuza kiwanja kwa ajili ya sindano kabla mgonjwa hajachunguzwa vizuri, hajafanyishwa mazoezi kwa mpangilio, na hajajibiwa maswali yake. Na si haki nchi kushangilia mashine mpya huku hospitali ya wilaya ikikosa mtaalamu wa fiziotherapia.

Maradhi ya kila nyumba

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiishi na maumivu ya kiuno, na makadirio yanaonyesha kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya binadamu wengi zaidi kuishi miaka mingi na ulemavu. Wapo waliodhani haya ni mambo ya Wazungu wanaokaa ofisini. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyoongozwa na Quinette Louw wa Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalikuta kwamba kwa wastani watu wazima 62 katika kila 100 wamewahi kuumwa kiuno maishani mwao. Mgongo wa Mwafrika unauma kama wa mwingine yeyote.

Na kwa nini usiume? Mtazame kuli anayeshusha magunia Kariakoo. Mtazame mama anayelima kwa jembe la mkono tangu alfajiri, kisha anarudi na ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Dereva wa bodaboda anarushwa na matuta kutwa nzima. Muuguzi anageuza wagonjwa wazito usiku kucha, wodi moja na wauguzi wawili. Mwajiriwa mgongo ukimkamata huandikiwa ED, ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, akapumzika huku mshahara ukiingia. Kibarua hana ED. Siku asiyoinuka ni siku ambayo jikoni hakuwashwi moto.

Ndiyo maana sithubutu kumlaumu mgonjwa anayekimbilia kila tangazo. Mfa maji haachi kutapatapa. Lawama yangu ni kwa anayemwona mwenzake anazama, akamuuzia unyasi kwa bei ya mtumbwi.

Diski inauma vipi

Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski. Katikati yake mna ute mzito, na kuuzunguka kuna pete ya nyuzi ngumu. Umri, urithi, uvutaji wa sigara na kazi ngumu huifanya ipungukiwe maji, iingie nyufa na kutuna. Hapo yanaweza kutokea mambo mawili tofauti, na matangazo mengi huyachanganya.

La kwanza ni diski kutokeza na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu hushuka takoni, yakapita pajani hadi unyayoni, pengine na ganzi, pengine mguu ukakosa nguvu. La pili ni diski yenyewe, au mfupa unaopakana nayo, kuwa chanzo cha maumivu. Hapo mateso hukaa kiunoni. Huzidi mtu anapokaa muda mrefu au kuinama, na hudumu miezi na miaka. Tiba iliyothibitika kwa yule wa kwanza haiwi tiba ya huyu wa pili kwa sababu tu wote wawili wanataja neno diski. Mgonjwa wa kiunoni anayeonyeshwa video ya mgonjwa wa mguuni aliyepona anadanganywa, hata kama kila kilichomo kwenye video ni kweli.

Kisha kuna picha ya MRI, ambayo tumeipa heshima ya hukumu ya mahakama. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti za watu waliopigwa picha za uti wa mgongo ilhali hawana maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao na asilimia 84 ya wazee hao. Hawa ni watu wazima wa afya, wanaolala usingizi na kuamka salama. Diski huchakaa kama nywele zinavyoota mvi, na hakuna anayeuza shamba kutibu mvi.

Sisemi picha haina kazi. Nasema picha peke yake haijui kinachouma. Daktari anayempokea mgonjwa kwa kuomba MRI kabla ya kumgusa mgongo, kumpima nguvu za miguu na kumuuliza anafanya kazi gani, anaweza kumrudisha nyumbani na jina la kutisha badala ya jibu. Mtu aliyeambiwa pingili zake zimesagika huanza kuogopa kuinama. Huacha kutembea. Misuli inalegea, uzito unaongezeka, maumivu yanazidi, na picha inaonekana ilisema kweli. Wakati huohuo hakuna aliyemweleza kwamba diski zilizotokeza, takribani mbili kati ya kila tatu, hunywea zenyewe bila upasuaji. Mwili una ufundi wake, ila hautoi matangazo redioni.

Papai na waya wa moto

Hamu ya kutibu diski bila kisu si ya jana. Upasuaji wa kuondoa diski iliyotokeza ulijulikana duniani baada ya William Mixter na Joseph Barr wa Boston kuchapisha kazi yao mwaka 1934. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakitafuta njia yenye jeraha dogo zaidi, na moja ya njia hizo ilianzia kwenye tunda tunalolijua vizuri.

Kila mpishi wa kwetu anajua kwamba nyama ngumu ikipakwa papai bichi hulainika. Utomvu huo wa papai uliwahi kuwa zao la kuuzwa nje kutoka Tanganyika, Uganda na Kongo. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas wa Marekani aliudunga mwilini mwa sungura, akaona masikio yao yaliyokuwa yamesimama wima yakilegea na kuanguka. Daktari mwingine, Lyman Smith, akajiuliza: ikiwa kiini cha papai kinalainisha gegedu la sikio, hakiwezi kuyeyusha ute wa diski? Katika miaka ya 1960 akaanza kuwadunga wagonjwa. Mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha dawa hiyo.

Kwa baadhi ya wagonjwa wenye maumivu ya mguu dawa hiyo ilisaidia kweli, na majaribio yalionyesha hivyo. Lakini ilipoanza kutumika kwa watu wengi, wapo waliopatwa na mzio mkali wa kutishia maisha, na wachache wakapooza. Mwaka 2003 iliacha kuuzwa Marekani. Somo lake halijapitwa na wakati: hata tiba yenye faida ya kweli inahitaji mikono stadi, kipimo sahihi na mtu wa kuhesabu waliodhurika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja waya wa moto. Waya mwembamba uliingizwa ndani ya diski kupitia sindano, ukapashwa joto la karibu nyuzi 90 za sentigredi kwa takribani robo saa, kwa matumaini ya kukaza nyufa na kuua mishipa midogo inayopeleka habari za maumivu. Taarifa za mwanzo zilipendeza mno. Wagonjwa walitibiwa, wakaulizwa, wengi wakasema wamepata nafuu. Ndipo watafiti wa Australia wakafanya jambo la busara. Wagonjwa 57 waliingiziwa waya kwa namna ileile, lakini kwa theluthi moja yao umeme haukuwashwa, na mgonjwa mwenyewe hakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Hakuna hata mmoja katika makundi yote mawili aliyefikia kiwango cha kuhesabiwa amepona. Utafiti mwingine wa mwaka 2004 ulikuwa umeonyesha faida ya kiasi kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, ingawa karibu nusu yao hawakupata nafuu ya maana. Mwaka 2008 bima ya serikali ya wazee wa Marekani ikakataa kulipia tiba za kupasha diski joto.

Nimesimulia haya kirefu kwa sababu mgonjwa wa leo wa Mwanza au Mombasa anaambiwa maneno yaleyale waliyoambiwa wagonjwa wa California zaidi ya miaka 25 iliyopita. Kwamba ni teknolojia mpya. Kwamba wengi wamepona. Kwamba hakuna kisu.

Kwa nini wengi husema wamepona

Msomaji atauliza: kama tiba haina nguvu, hawa wanaotoa ushuhuda wanasema uongo? La hasha. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka. Mtu huenda hospitali siku yamepanda kupita kiasi, kwa hiyo wiki chache baadaye, atibiwe asitibiwe, huenda yakawa yameshuka. Ongeza matumaini, ongeza mapumziko, ongeza daktari mpole aliyekaa naye akamsikiliza, na nafuu inakuja. Nafuu hiyo ni ya kweli. Swali ni kama ililetwa na kifaa kilicholipiwa.

Mfano mzuri ni tiba mpya ya kuunguza mshipa mdogo wa fahamu ulio ndani ya mfupa wa pingili, iliyoruhusiwa na FDA mwaka 2016. Inawalenga wagonjwa wachache ambao MRI imeonyesha mabadiliko maalumu ya mfupa jirani na diski. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, waliotibiwa walipata nafuu ya alama 20.5 kwenye kipimo cha alama 100, baada ya miezi 3. Wale waliofanyiwa tiba ya kuigiza, wakalazwa kitandani na kutobolewa bila mshipa kuunguzwa, walipata nafuu ya alama 15.2. Soma tena namba hizo. Sehemu kubwa ya nafuu ililetwa na mambo mengine kabisa. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa sawasawa tiba hii inaweza kuwa na thamani, na nisingependa ipigwe marufuku. Ila muuzaji anayetaja alama 20 bila kutaja zile 15 ameficha nusu ya ukweli.

Sindano za steroidi karibu na uti wa mgongo ndizo zilizoenea zaidi. Kwa maumivu makali yanayoshuka mguuni zinaweza kupoza kwa wiki kadhaa. Kwa maumivu ya kiuno peke yake, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unasema zisitolewe. Mwaka 2014 FDA ilionya kwamba zinaweza kuleta madhara ya nadra lakini mazito: kupoteza uwezo wa kuona, kiharusi, kupooza na hata kifo. Februari 2025 jarida la BMJ lilichapisha mapendekezo ya jopo la wataalamu na wagonjwa dhidi ya taratibu nyingi za aina hii kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, sindano za steroidi na uunguzaji wa mishipa ya viungo vya mgongo zikiwamo. Vyama vya madaktari wa maumivu vilipinga vikali, vikisema wagonjwa wa aina tofauti walichanganywa. Mjadala huo haujaisha. Lakini kama wataalamu wa nchi tajiri bado wanabishana, ni kwa msingi gani mgonjwa wa kwetu aambiwe ana uhakika wa kupona kwa asilimia 95?

Seli shina na damu ya mgonjwa iliyochujwa ndizo habari za mjini kwa sasa. Utafiti unaendelea, na huenda siku moja zikazaa matunda. Leo hakuna tiba ya seli shina iliyoidhinishwa na FDA kwa diski. Anayeiuza kama tiba iliyokamilika anafanya utafiti kwa gharama za anayefanyiwa utafiti.

Nani asingoje

Sitaki makala hii imfanye mtu abaki nyumbani akiangamia. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na upo mgongo usioruhusu kungoja hata usiku mmoja. Ukiona mkojo umegoma au unatoka bila habari yako, choo nacho vivyo hivyo, ganzi imeingia sehemu za siri na kuzunguka makalio, au miguu inaishiwa nguvu kwa kasi, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Mishipa ya fahamu imebanwa vibaya, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Kwetu pia kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, unahitaji vipimo vya kifua kikuu na dawa zake. Mwanamume mzee mwenye maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia achunguzwe tezi dume. Mtu wa aina hii akipelekwa kwenye leza ya diski, fedha zinapotea na uhai unawekwa rehani.

Na yupo mgonjwa ambaye tundu dogo linamfaa hasa: mwenye diski iliyobana mshipa, maumivu ya mguu yasiyovumilika, na wiki kadhaa za tiba ya kawaida zisizozaa matunda. Utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 613, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kuondoa diski kwa kamera kupitia tundu dogo hakukuwa duni kuliko upasuaji wa kawaida katika kupunguza maumivu ya mguu baada ya mwaka mmoja. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, wa mwaka 2007, uliwalinganisha waliopasuliwa mapema na waliopewa muda. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuchagua kwa macho mawili: ninunue wepesi wa kupona, au nivumilie na kutunza fedha yangu?

Chovya chovya

Turudi nyumbani sasa. Tiba hizi mara chache huisha kwa mara moja. Kuna MRI, kuna ada ya bingwa, kuna sindano ya kwanza, ya pili baada ya miezi, kisha ushauri kwamba diski ya juu nayo iguswe. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Inaanza akiba ya kikoba, inafuata pikipiki iliyokuwa inaingiza hela ya kila siku, kisha hati ya kiwanja. Msichana wa kidato cha pili anakaa nyumbani muhula mzima kumhudumia mama yake na kwa sababu karo imeenda hospitali. Anayesafirishwa nje huhitaji msindikizaji, nauli, malazi na visa.

Wakati huohuo wanaokosa fedha za sindano nao hawaachwi salama. Wanameza diklofenaki kutoka duka la dawa kila siku kwa miaka, bila kujua inavyochubua tumbo na kuchosha figo. Wengine wamezoea tramadoli hadi haiwezekani kuamka bila hiyo. Wengine wanauziwa mikanda ya mgongo stendi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa watu wazima. Halipendekezi mikanda hiyo kama tiba ya kawaida, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa jamii ya afyuni. Linapendekeza mgonjwa aelimishwe, afanyishwe mazoezi, achuliwe na kunyooshwa na mtu aliyefunzwa, na asaidiwe kiakili inapohitajika. Hayo yote yanaweza kufanyika kwenye zahanati na vituo vya afya.

Tiba inayodharauliwa

Hapa ndipo wagonjwa wengi huvunjika moyo. Mtu ametoka Tandahimba kuja kumwona bingwa, anaambiwa atembee na kufanya mazoezi. Anaona amedharauliwa. Kwetu tiba ni kitu cha kupewa: kidonge, sindano, dripu. Mazoezi hayana risiti ya kuonyesha wana ukoo.

Lakini ushahidi uko upande wa bingwa huyo. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno muda si mrefu. Kundi moja lilisaidiwa na wataalamu wa fiziotherapia kujenga mazoea ya kutembea, hatua kwa hatua, hadi kufikia takribani dakika 30 mara 5 kwa wiki. Jingine liliachwa liendelee na maisha yake. Walioachwa walikaa kwa wastani siku 112 kabla maumivu hayajarudi. Waliotembea walikaa siku 208. Kutembea hakuna hati ya kiwanja inayotakiwa.

Najua jibu la mkulima: mimi natembea na kulima kutwa, mbona naumwa? Ni swali la haki. Kulima ni kurudia mkunjo uleule maelfu ya mara bila mapumziko. Mazoezi ya fiziotherapia huimarisha misuli ya tumbo, mgongo na makalio, humfundisha mtu kubadili mkao, kugawa mzigo na kupumzika kabla mwili haujalazimisha. Yanahitaji mwalimu na subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mwenye mgongo mbovu kuinama huko hufundishwa.

Mwalimu huyo yuko wapi? Vyuo vipo, KCMC ya Moshi na vyuo vya KMTC nchini Kenya vimekuwa vikifundisha fiziotherapia miaka na miaka. Lakini ukishuka wilayani mara nyingi unamkuta mtaalamu mmoja mwenye foleni ya watu wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo na majeruhi wa bodaboda. Mwenye kiuno anapewa karatasi yenye michoro na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Karatasi haijamfundisha mtu yeyote mazoezi.

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kenya imeanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii. Huu ndio wakati wa kuamua fedha ya umma inunue nini kwanza. Nasema inunue mahudhurio ya kutosha ya fiziotherapia ndani ya kitita cha kila mwanachama, na iajiri wataalamu hao hadi ngazi ya kituo cha afya. Tiba za tundu dogo zibaki kwenye hospitali za rufaa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kwa wagonjwa waliochujwa na jopo, na matokeo yao yaandikwe baada ya miezi 6 na mwaka mmoja, waliopona na wasiopona. Mamlaka zinazosimamia matangazo ya tiba nazo zifanye kazi yake: hospitali inayotangaza kutibu diski iwajibike kueleza ni wagonjwa wa aina gani, kwa ushahidi gani na kwa madhara gani.

Uliza kabla hujalipa

Nawe msomaji, au ndugu yako aliyetuma picha ya MRI kwenye kikundi, usiogope kumuuliza daktari. Maumivu yangu ni ya diski yenyewe au ya mshipa uliobanwa, na umejuaje? Tiba hii ilipolinganishwa na tiba ya kuigiza, tofauti ilikuwa kiasi gani? Nafuu hudumu muda gani? Nisipofanya chochote zaidi ya mazoezi kwa miezi 3, nina hatari gani? Isiposaidia, hatua inayofuata ni ipi na ni shilingi ngapi? Daktari mwema atayapokea maswali haya kwa moyo mweupe. Atakayekasirika, au atakayesema punguzo la bei linaisha Ijumaa, chukua picha zako uondoke.

Na sisi wachangaji tubadilike. Kabla ya kutuma fedha ya sindano, tuchange kwanza nauli ya kwenda fiziotherapia mara mbili kwa wiki kwa miezi 3, na tumshike mkono mgonjwa ahudhurie mpaka mwisho. Akimaliza hapo na bado mguu unawaka moto, tuchangie upasuaji bila kusitasita. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, na mgongo bado utakihitaji cha kujengea mahali pa kulala.